Chumvi Mezani, Gita Ukutani

Ukiingia katika nyumba ya mpiga gita, iwe Jericho au Kayole, Buruburu au Korogocho, gita lake utalikuta mahali pamoja kati ya mawili: limetundikwa msumarini ukutani, au limeegemezwa kando ya kochi. Pote pawili pana sababu nzuri. Chumba ni kidogo, na gita linaloonekana ndilo linalopigwa. Lakini siku uso wake unapopata ufa, au daraja linapoanza kung'oka, lawama huenda kila upande isipokuwa kwenye ule msumari. Husemwa kiwanda cha Uchina kilitumia mbao mbichi. Husemwa fundi hakujua kazi. Husemwa ni baridi ya Julai. Baada ya miaka mingi ya kuishi na ala za nyuzi na kusikiliza mashtaka yao, nimefika mahali pa kushikilia jambo moja: katika mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, yaani Eastlands, ala haiuawi na unyevu peke yake wala ukavu peke yake. Inauawa na kupandishwa na kushushwa baina ya hivyo viwili, siku baada ya siku, na kinga yake ya kwanza iko karibu kuliko tunavyodhani: kulifunga gita ndani ya sanduku lake, na kujifunza kusoma hewa ya chumba unamolala.

Hewa hubeba maji kama mchukuzi anavyobeba mzigo. Ikipata joto inapata nguvu, ikipoa inalegea. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 15 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hivi za mvuke. Hewa ya digrii 32 hubeba karibu gramu 34. Ile asilimia inayosomwa kwenye kipimo haituambii hewa ina maji kiasi gani. Inatuambia imebeba sehemu gani ya mzigo inaoumudu. Sasa chukua hewa ya alfajiri mwezi wa Februari, digrii 15, kipimo kikisoma asilimia 80. Iache chini ya mabati hadi saa nane mchana, ifike digrii 32. Hakuna tone lililoongezwa, hakuna lililoondolewa, lakini kipimo sasa kinasoma kama asilimia 30, na usiku ukiingia kinarudi kupanda. Safari hiyo gita la ukutani linaisafiri kwenda na kurudi kila siku, bila kutoka nyumbani. Katika nyumba za zamani za mawe, kama za Kaloleni na Maringo, kuta nene hupunguza makali ya safari. Katika nyumba ya mabati matupu, au chumba cha ghorofa ya juu kabisa chenye mabati kichwani, hakuna cha kuyapunguza.

Hiyo ni hewa tupu, kabla watu hawajaingia. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na kwa ngozi gramu 30 hadi 40 za maji kila saa. Watu watano katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kwa usiku wa saa nane, hutoa zaidi ya lita moja. Chumba kama hicho chenye dari ya mita mbili na nusu kina mita 23 hivi za ujazo, na hewa yake yote, ikiwa digrii 15, haiwezi kubeba hata gramu 300. Kama dirisha limefungwa na mlango umezibwa kwa tambara ili baridi isiingie, hayo maji mengine yaende wapi? Yanakwenda mahali ambapo kila aliyelelewa chini ya mabati anapajua: juu, kwenye bati baridi, na alfajiri yanaanza kudondoka. Tunayaita jasho la mabati, na tunajifunika blanketi kichwani. Jioni kabla ya hapo palikuwa na mtungi wa gesi au stovu ya mafuta taa, na wachache wanajua kwamba moto huo wenyewe hutengeneza maji: kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa kilo moja na nusu na ushei za mvuke. Ongeza sufuria ya githeri iliyochemka tangu adhuhuri. Ongeza nguo za Aprili zilizoanikwa ndani kwa sababu nje mvua haikati. Ndiyo maana kusema kwamba hali ya hewa ya Nairobi ni nzuri hakutoshi. Gita haliishi katika hali ya hewa ya Nairobi. Linaishi katika hali ya hewa ya chumba kimoja, na chumba hicho kina misimu yake.

Mbao nayo, hata ikatwe, irandwe na kupakwa vanishi, haiachi kunywa na kutapika maji. Katika hewa ya asilimia 50 mbao hutulia ikiwa na maji yapatayo asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ikidumu kwenye asilimia 80, mbao hupanda hadi 16. Ikidumu kwenye 30, hushuka hadi 6. Tofauti ya 9 na 6 haionekani kubwa, lakini iweke kwenye uso wa gita. Uso mzuri hutengenezwa kwa sprusi, ndugu wa msonobari, wenye unene wa milimita 3 hivi na upana wa sentimita 40 pale tumbo lilipo pana. Kwa kushuka huko, ubao kama ungekuwa huru ungesinyaa upana wake karibu milimita 2. Hauko huru. Umegandishwa pembeni kwenye mbavu, na kwa ndani umebandikwa vijiti vilivyokingama, na vijiti hivyo, kwa kuwa vimelala kwa urefu wa nyuzinyuzi zao, karibu havisinyai, kwani mbao husinyaa kwa upana na karibu haibadiliki kwa urefu. Basi uso unataka kurudi nyuma na vijiti vinaushikilia. Wa kuachia lazima apatikane, na ndipo ufa unapofunguka, mara nyingi kutoka chini ya daraja kuelekea mkiani, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Ukiutazama kwa karibu utaona kwamba hakuna kipande kilichokatika. Mstari wa mbao umeachana na jirani yake, na kucha ya kidole gumba inapita katikati. Aprili ikirudi ufa hujifumba, mwenye gita anadhani umepona, na Februari inayofuata unafunguka ukiwa mrefu zaidi.

Kwenye fidla na chelo kisa ni kingine, na kwangu ndicho chenye funzo kubwa kuliko yote. Mafundi wa zamani wa Ulaya walibandika uso wa fidla kwenye mbavu kwa gundi ya ngozi za wanyama, tena wakaifanya nyepesi kwa makusudi. Walijua kwamba siku mbao itakaposinyaa kupita kiasi, kitu kitapasuka, na wakachagua kwamba kipasuke kiungo, usipasuke ubao. Kiungo kilichoachia hubandikwa tena kwa nusu saa ya kazi na siku moja ya kusubiri. Ubao uliopasuka ni jeraha la maisha. Sasa fidla ya namna hiyo, mara nyingi ya kuchangwa kutoka nchi za baridi, inafika Eastlands, inakaa chumbani mwaka mmoja, na upande mmoja unaachia. Mwenyewe anaona mwanya, anaogopa, anatafuta kilicho karibu: supaglu ya dukani, au gundi nyeupe ya seremala. Inashika vizuri ajabu. Inashika kuliko mbao yenyewe. Februari inafika, uso unataka kusinyaa, mlango uliowekwa na fundi ili utokee umepigiliwa misumari, na ubao unapasuka katikati. Kisha husemwa fidla zile ni dhaifu. Hazikuwa dhaifu. Zilikuwa na hekima ya kuvunjika mahali panapotengenezeka, nasi tukaiziba hekima hiyo kwa nia njema, kwa sababu hakuna aliyetueleza kwamba kile kiungo kilichoachia kilikuwa kinatusomea hewa ya nyumba.

Kosa la namna hiyo hiyo tunalifanya kwa daraja la gita. Katika miezi ya mvua na ile ya baridi na mawingu, Juni hadi Agosti, uso hunywa maji na kuvimba kama chapati inapopata moto. Daraja linainuka, nyuzi zinakaa mbali na shingo, vidole vinauma. Mwanafunzi anampelekea fundi, fundi anachomoa ule mfupa wa darajani unaobeba nyuzi na kuusugua kwa msasa hadi nyuzi zishuke. Kazi safi. Januari uso unakauka na kuzama, nyuzi sasa zinagusa vyuma vya shingoni na kunguruma, na mfupa uliosuguliwa haurudishwi, labda uwekwe mwingine. Mwenye gita amelipa mara mbili kwa ugonjwa ambao haukuwepo. Sidhani fundi alikosea mkono. Alikosa namba tu. Angejua kwamba siku hiyo chumba kilikuwa asilimia 78, angesema: liweke sandukuni wiki mbili, kisha turudi tuliangalie. Mtu anayetengeneza ala bila kujua unyevu wa siku hiyo anafanana na mshonaji anayempima mteja juu ya sweta tatu.

Ushahidi kwamba utulivu unashinda namba kamili umekuwepo kwa muda mrefu, na mmoja ulio bora ulitokea kwa bahati ya vita. Mwaka 1941, ili kuziepusha na mabomu, picha za National Gallery ya London zilihamishiwa ndani ya machimbo ya mawe huko Manod, katika milima ya Wales. Nyingi kati yake zilichorwa juu ya mbao, na rangi yake ilikuwa na tabia ya kubanduka kila mwaka. Ndani ya mlima joto lilidhibitiwa lisibadilike, unyevu ukashikiliwa kwenye asilimia 42, na watunzaji wakashangaa kuona kwamba ubandukaji umekoma karibu kabisa. Vita vilipoisha mwaka 1945 picha zikarudi London, kwenye vyumba vinavyopata joto na kupoa, na rangi ikaanza kubanduka tena. Namba 42 si namba ambayo watengenezaji wa magita wanaitaja. Wao husema kati ya 45 na 55. Lakini haikuhama, na kutohama kwake ndiko kulikoziponya zile mbao. Karibu nasi kuna somo hilo hilo kutoka upande wa pili. Huko Zanzibar, katika Mji Mkongwe, udi, kanuni na fidla za taarabu hupigwa hatua chache kutoka baharini, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza kufundisha ala hizo mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani linalotazama maji. Hewa ya huko ni nzito mwaka mzima, juu ya kiwango chochote kinachopendekezwa. Nyuzi za chuma hushika kutu upesi na sauti huwa na uzito kidogo. Ila udi uliozoea hewa ile unaishi nayo. Uchukue udi huo huo, wenye uso mwembamba kuliko wa magita mengi, uulete Nairobi mwezi wa Februari uutundike ukutani, ndipo utakapousikia ukilia usiku kwa milio midogo ya mbao inayoachana.

Wapo watakaosema ninakuza jambo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hatuna theluji, hatuna mitambo ya kupasha nyumba joto, na ukipiga wastani wa mwaka unyevu wetu uko karibu na pale ala zinapopataka. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Hatuna ile miezi minne ya ukavu mkali ambayo huvunja magita ya Chicago na Toronto. Lakini wastani ni kitu cha karatasi. Mtu aliyeweka mguu mmoja kwenye makaa na mwingine kwenye barafu ana wastani mzuri pia. Tena udogo wa tatizo letu ukilinganisha na lao umetuletea hatari ya pekee, nayo ni ushauri wa kuazima. Maelezo mengi yanayokuja na magita yaliandikwa kwa watu ambao adui wao ni ukavu wa nyumba zilizopashwa joto, na kwa hiyo yanahimiza kuongeza maji: sifongo lililoloweshwa ndani ya tundu la sauti, bomba laini lenye maji ndani ya tumbo la fidla. Fuata ushauri huo Nairobi mwezi wa Julai, na unamwongezea maji mtu anayezama. Nimekuta magita yaliyoota ukungu kwa ndani kwa kutunzwa kwa bidii. Wengine hukimbilia upande wa pili, wakatia mchele kwenye mfuko ndani ya sanduku wakiamini unafyonza maji. Mchele wa dukani una maji asilimia 13 au 14 yake, na ukiwa hivyo unapatana na hewa ya kama asilimia 65 hadi 70. Hautalikausha gita hata kidogo chini ya hapo. Utalivuta lije hapo ulipo.

Kwa nini basi nasisitiza sanduku? Kwa sababu ya hesabu moja ambayo ilibadilisha fikra zangu zote juu ya jambo hili. Sanduku gumu la gita, likishafungwa, lina hewa ya lita 60 hivi, pamoja na ile iliyo ndani ya tumbo la gita. Hewa hiyo, katika joto la digrii 20 na unyevu wa asilimia 50, imebeba nusu gramu ya maji. Gita lenyewe, kilo moja na nusu ya mbao, limebeba zaidi ya gramu 100. Nani atamtawala mwenzake? Ukutani, hewa ya chumba inabadilishwa kila mara mlango unapofunguliwa, haina mwisho, na mbao inashindwa. Sandukuni, hewa ni chache mno, na mbao ndiyo inayoamua. Hewa ikitaka kukauka, gita linatoa sehemu ndogo isiyohisika ya maji yake na hewa inarudi palepale. Ile safari ya kutoka asilimia 80 hadi 30 na kurudi haiingii ndani. Kinachoingia ni wastani wa wiki na miezi, polepole, kupitia mianya ya kifuniko, na mbao huvumilia mambo yanayokuja polepole. Asiye na sanduku gumu anaweza kuliweka gita kwenye begi lake la kitambaa, begi likazungushiwa blanketi la pamba, vyote vikaingia katika kabati la mbao lililo mbali na ukuta wa nje. Hata lile sanduku la bati ambalo wengi wetu tulikwenda nalo shule ya bweni, likitandikwa khanga nzito, linaihifadhi fidla vizuri kuliko msumari wowote, mradi lisikae juani.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya kwamba gita lililofungiwa halipigwi. Ni kweli. Mtoto anayelazimika kuvuta sanduku kutoka chini ya kitanda, afungue kufuli tatu, akunjue khanga, atapiga mara mbili kwa wiki badala ya kila jioni, na hakuna gita linalostahili kutunzwa kwa gharama ya mpigaji wake. Lakini hatulazimiki kuchagua moja kati ya mawili. Linaloumiza ni saa zile ndefu ambazo hakuna anayepiga: usiku wa pumzi na jasho la mabati, na mchana wa jua wakati watu wako kazini na shuleni. Gita likitoka sandukuni saa kumi na moja jioni na kurudi saa nne usiku limetumika saa tano na limekingwa saa kumi na tisa. Lifutwe kwanza, kwa sababu jasho la viganja ni maji na chumvi, na chumvi iliyobaki kwenye nyuzi huvuta maji usiku kucha.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, na kiko katika kila jikoni. Chumvi ya kawaida ina tabia ya kudumu: hewa ikiwa chini ya asilimia 75 hubaki kavu, ikipita hapo huanza kunyonya maji na kulowa. Chumvi ya mawe, kwa sababu ya madini mengine yaliyochanganyika nayo, hulowa mapema kidogo. Pwani watu wamezoea kibakuli cha chumvi kinachotoa maji. Nairobi, chumvi ikigandamana mezani asubuhi nyingi mfululizo, chumba kinakuambia kwamba gita lisitoke nje ya sanduku bila sababu. Anayetaka namba anunue kipimo kidogo cha elektroniki cha unyevu, ambacho bei yake haiko mbali na ya seti moja ya nyuzi. Lakini asikiamini kabla ya kukijaribu, kwani vingi hukosea kwa asilimia 5 hadi 10 tangu siku ya kwanza. Jaribio lake hufanywa kwa chumvi hiyo hiyo. Twaa kifuniko cha chupa ya soda, kijaze chumvi, dondoshea maji matone machache hadi chumvi iwe kama mchanga uliolowa lakini isiyeyuke. Weka kifuniko na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, au mtungi wa kioo wenye kifuniko kinachobana, viache usiku mzima mahali pasipobadilika joto. Asubuhi, kabla ya kufungua, soma. Hewa ya mle ndani ni asilimia 75, iwe Nairobi au Mombasa au mahali popote duniani. Kikisoma 69, basi unajua daima uongeze 6. Andika hiyo 6 kwa kalamu ya wino mgongoni mwa kipimo. Mwanasayansi wa Geneva, de Saussure, alipotangaza kipimo chake cha unyevu mwaka 1783 alitumia unywele wa binadamu, ambao hurefuka ukipata maji na kufupika ukikauka. Watoto wa Eastlands wanaoweza kukisahihisha kipimo kwa kifuniko cha soda wanaifanya sayansi hiyo hiyo, na inapendeza kuona uso wa mtoto anapogundua kwamba mashine ilikuwa inadanganya na chumvi ikasema kweli.

Wazee wetu walipiga bila vipimo, hilo nalo husemwa mara nyingi, hasa na wapiga nyatiti. Sikubali kwamba hawakupima. Nyatiti ina nyuzi nane juu ya bakuli lililochongwa kutoka gogo moja na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Orutu ina uzi mmoja na kwa desturi iliwambwa ngozi ya kenge. Ngozi ni kipimo cha unyevu kinachosikika kwa sikio. Hewa ikilowa, inalegea na sauti inazama. Mpigaji analipeleka bakuli juani au karibu na moto, analigonga kwa kidole, anasikiliza, anaondoa kabla ngozi haijakaza kupita kiasi. Huko ni kupima na kurekebisha kwa pamoja. Tena bakuli lile halina kiungo cha gundi cha kuachia wala ubao mwembamba uliobanwa pande zote. Mafundi wa Nyanza walitengeneza ala inayokubali kubadilika, inayokazwa upya kila inapochukuliwa. Si ajabu kwamba wimbo uliomfikisha Ayub Ogada na nyatiti yake masikioni mwa dunia, katika albamu ya 1993, unaitwa Kothbiro, mvua inakuja. Tulipopokea gita na fidla tulipokea ala za ujenzi mwingine, zisizolalamika kwa sauti hadi zimepasuka, lakini ule usikivu wa kila siku hatukuuhamishia kwazo.

Inabaki hoja ya fedha. Magita mengi mitaani ni ya plaiwudi, na plaiwudi, kwa kuwa tabaka zake zimekingamana, haipasuki kirahisi. Hilo ni kweli, na mwenye gita la namna hiyo asikose usingizi kwa ajili ya uso wake. Shingo yake, hata hivyo, ni mbao halisi, daraja lake limebandikwa kwa gundi inayolegezwa na joto na unyevu vikikutana, na ubao wa vidole ukisinyaa ncha za vyuma hujitokeza pembeni na kukwaruza mkono wa mwanafunzi anayeanza. Isitoshe, maskini ndiye asiyeweza kununua gita la pili. Tangu 2008 watoto wa Korogocho wamejifunza muziki wa okestra kupitia Ghetto Classics, katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohana, si mbali na jalala la Dandora, na yapo makanisa ya Eastlands yenye fidla mbili tatu na chelo moja inayotumiwa na watoto kwa zamu. Katika mikono ya namna hiyo ala moja ikipasuka, si mtu mmoja anayekosa. Ni zamu nzima inayofungwa. Ningependa kila anayechangia fidla aweke ndani ya sanduku lake kipimo kidogo na karatasi moja ya Kiswahili inayosema kiungo kikiachia usitumie supaglu. Na ningependa kila stoo ya ala iwe na daftari, lenye safu mbili za kila siku, ya saa moja asubuhi na ya saa nane mchana, linaloandikwa na watoto wenyewe kwa zamu, kama wanavyoandika mahudhurio. Daftari la mwaka mmoja linatosha kuonyesha ni ukuta upi hauwekwi kabati, ni mwezi upi dirisha hufunguliwa asubuhi na kufungwa mchana, na ni wiki gani ya Januari fundi aitwe kabla hajaitwa na ufa. Ukurasa wa kwanza uanze na ile namba ya chumvi, ili atakayelisoma baadaye ajue kipimo kilikuwa kinakosea kwa kiasi gani.